Kadi Tupu Haimaanishi Bongo Hayupo

"Kadi ya kamera imerudi tupu, kwa hivyo bongo hayupo." Kauli hii imenichosha, hasa ikitoka kwa mtu aliyefunga kamera moja ya mtego, inayojipiga picha mnyama anapopita, kwenye mti mmoja kule msitu wa Eburu, akarudi Nakuru, na siku ya tatu akaenda kuifungua. Bongo wa milimani, swala wakubwa wenye mistari, waliobaki porini hawafiki mia moja, wote wako Kenya, wanatembea zaidi usiku na kujificha kwenye mianzi. Siku tatu hazitoshi hata harufu ya mikono yako kuisha kwenye mkanda. Acha wiki sita.

Halafu, kihisi cha kamera ya mtego hakioni mnyama. Kinapima tofauti ya joto kati ya kinachopita na kilicho nyuma yake. Saa nane mchana, palipopigwa na jua, fahali mzima atapita na kamera isishtuke. Jani lililopata joto likitikiswa na upepo, utapata picha elfu mbili za jani. Funga kivulini, ielekee kaskazini au kusini, fyeka mita nne za mbele.

Sasa pembe, ambayo kila mtu huipuuza. Kihisi hunasa vizuri kinachokatiza mbele yake, vibaya kinachokijia usoni. Lakini ukiilenga njia kwa pembe mraba, mnyama anapita kabla kamera haijaamka, unabaki na mkia. Iweke digrii 45 na njia, umbali wa mita 3 hadi 5, kimo cha kiuno.

Mistari ya ubavu wa kushoto haifanani na ya kulia, hivyo kumtambua bongo mmoja mmoja kunahitaji kamera mbili. Zisitazamane ana kwa ana, mweko wa moja utaharibu picha ya nyingine. Zipishanishe mita mbili.

Mweko wa infraredi wa nanomita 940 husifiwa kuwa mnyama hauoni. Mimi nina shaka: mbona wengi wanaikodolea lenzi macho? Pengine ni ule mlio mdogo wa kichujio cha mwanga ndani ya kamera kinapobadilika usiku. Hata hivyo nauchagua kuliko mweko mweupe, ingawa picha hutoka nyeusi na nyeupe.

Betri ni lithiamu. Za alkali huchoka upesi kwa baridi ya Mau. Silika jeli, ya kunyonya unyevu, ndani ya kamera, kibali mfukoni. Na kabla ya kurusha picha mtandaoni, futa viwianishi vya GPS kwenye faili: wawindaji wenye mbwa nao wana simu.