Je, wajua kwa nini Wi-Fi hukatika kwenye kompyuta ya Linux ilhali simu iliyo kando yake haisumbui?

Mtu anaweka Ubuntu au Debian, ambayo ni mifumo ya Linux, kwenye kompyuta mpakato yake, nenosiri la Wi-Fi linakubaliwa, kurasa zinafunguka vizuri kwa muda, kisha kila kitu kinasimama, huku simu iliyo juu ya meza ile ile ikiendelea kupokea ujumbe. Wengi huamua hapo hapo kwamba Linux na Wi-Fi haviivi chungu kimoja. Uamuzi huo hauna msingi, kwa sababu simu ya Android nayo huendeshwa na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo. Tofauti ni kwamba mtengenezaji wa simu alichagua chipu ya Wi-Fi, akaiandalia kiendeshi (programu inayouwezesha mfumo kuitumia chipu) na kuvijaribu vyote pamoja kabla simu haijafika dukani, wakati kompyuta nyingi ziliundwa na kujaribiwa kwa ajili ya Windows, na Linux huja baadaye kuikuta kadi ya Wi-Fi ambayo aliyeichagua hakuifikiria Linux hata kidogo.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, ni lazima kujua mawasiliano yanakatikia wapi. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike ip route. Mstari unaoanza na neno default utakuonyesha anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Andika ping, amri inayotuma ujumbe mfupi na kupima muda wa jibu, ikifuatiwa na anwani hiyo, kisha uache iendelee hadi tatizo litokee. Ikiwa ruta inajibu muda wote lakini tovuti hazifunguki, basi Wi-Fi yako ni nzima na hitilafu iko mbele zaidi: jaribu ping 1.1.1.1, anwani ya seva iliyo kwenye intaneti, na ikijibu, kinachokwama ni DNS, yaani huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Watu hupoteza siku nzima wakibadilisha viendeshi kumbe kasoro ilikuwa hapo.

Ikiwa ruta yenyewe ndiyo isiyojibu, au inajibu kwa milisekunde 3, mara 180, mara 90, mshukiwa wa kwanza ni utaratibu wa kuokoa umeme, na huu unastahili kuelezwa kwa kirefu. Ruta hutangaza uwepo wake takriban mara kumi kwa sekunde. Kadi ya Wi-Fi inayookoa umeme huiarifu ruta kwamba inalala, kisha huamka kwa vipindi kusikiliza tangazo hilo, ambalo ndani yake ruta hutaja vifaa ambavyo imevihifadhia data. Kadi ikijisikia imetajwa, huomba data yake na kulala tena. Utaratibu huu ni mzuri na huongeza maisha ya betri, lakini unategemea pande mbili kuelewana kwa usahihi mkubwa. Kiendeshi kikichelewa kuiamsha kadi, data huchelewa au hutupwa. Matangazo kadhaa yakipita bila kusikika, kiendeshi huamini kwamba ruta imetoweka na kukata mawasiliano, ingawa ruta ipo chumbani.

Kuthibitisha ni rahisi. Amri ya iw dev hukupa jina la kadi, mathalani wlp2s0, na iw dev wlp2s0 get power_save hukuambia kama utaratibu huo umewashwa. Uzime kwa sudo iw dev wlp2s0 set power_save off, kisha urudie ping. Namba zikitulia, umempata mhalifu. Amri hiyo haidumu kompyuta ikizimwa, kwa hiyo kwa mfumo unaotumia NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, tengeneza faili ndani ya /etc/NetworkManager/conf.d lenye kichwa [connection] na chini yake wifi.powersave = 2, namba 2 ikiwa na maana ya kuzima. Ubuntu huja na faili lake katika folda hiyo hiyo likiwa na namba 3, yaani kuwasha, libadilishe hilo.

Hatua inayofuata ni nguvu ya mawimbi. Amri ya iw dev wlp2s0 link huionyesha kwa namba hasi: -50 ni nzuri, -80 ni dhaifu, na tofauti kati ya hizo mbili ni nguvu iliyopungua mara elfu moja. Ukiona -80 umekaa karibu na ruta, shuku antena. Baadhi ya kompyuta za HP zenye chipu ya Realtek RTL8723BE zina antena moja tu, na kiendeshi huweza kusikiliza upande ambao haukuunganishwa kitu; mstari wa options rtl8723be ant_sel=2 katika faili ndani ya /etc/modprobe.d, au namba 1 ikiwa 2 haisaidii, hurudisha mawimbi baada ya kuwasha kompyuta upya. Vilevile diski ya nje ya USB 3.0 hutoa kelele katika masafa ya 2.4 GHz, kwa hiyo ihamishie mbali na antena au utumie mtandao wa 5 GHz ikiwa ruta yako inao.

Kinachobaki husemwa na kumbukumbu za kerneli, zinazosomwa kwa sudo dmesg. Zikitaja faili la firmware lililoshindwa kupakiwa, kadi imekosa programu ndogo ya mtengenezaji inayoendesha chipu kwa ndani. Debian haikuweka programu hizo kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji hadi toleo la 12 la mwaka 2023, na anayetumia toleo la zamani hulazimika kuziongeza mwenyewe. Kama firmware ipo, kerneli ni mpya na kadi bado inakatika, ni afadhali kununua adapta ya USB yenye chipu ambayo kiendeshi chake kimo ndani ya kerneli, kama MediaTek MT7612U, kuliko kuendelea kusakinisha viendeshi vya kuokoteza ambavyo huharibika kila kerneli inaposasishwa.