Mnanaa Kiasi Gani Katika Brauni? Kipimo, Mahali pa Kuuweka na Wakati wa Kuuonja

Katika ladha zote ninazozitumia kwenye kazi yangu ya uokaji, sijaona inayodai uangalifu kama mnanaa. Vanila ikizidi kidogo, mlaji hatambui. Mdalasini ukizidi, keki bado inalika. Mnanaa ukizidi kwa nusu kijiko cha chai, brauni, ile keki nzito ya chokoleti inayokatwa vipande vya mraba, inakuwa kama dawa ya meno iliyochovywa kwenye chokoleti, na hakuna sukari wala krimu itakayoirudisha. Ukipungua nao, mlaji anabaki akijiuliza kama kweli amesikia kitu au ni harufu tu ya chombo ambacho hakikuoshwa vizuri.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni la vijiko: viwe vingapi? Jibu ninalo na nitalitoa hapa chini, lakini kipimo peke yake hakitoshi. Vichupa viwili vyenye picha ya jani lile lile vinaweza kupishana nguvu mara kadhaa, na kipimo kimoja kikiwekwa ndani ya rojo hakileti ladha sawa na kikiwekwa kwenye aisingi ya juu. Kwangu mimi, kiasi sahihi ni kile kinachoiacha chokoleti itangulie mdomoni na mnanaa ufuate nyuma yake, ukimalizia kwa ubaridi mwepesi baada ya kumeza. Mnanaa ukitangulia, umezidi, hata kama mlaji anausifu.

Kwa hiyo anza na kichupa. Arki ya mnanaa ni mafuta ya mmea huo yaliyoyeyushwa katika alkoholi, na ndiyo inayokusudiwa na mapishi mengi yanapotaja kijiko au nusu kijiko cha chai. Mafuta yenyewe, yale yanayopatikana kwa kukeneka majani kwa mvuke, ni makali zaidi kwa mbali; waokaji wengi huhesabu robo kijiko cha mafuta kuwa sawa na kijiko kizima cha arki, nami naona hesabu hiyo inafaa kuanzia, ingawa kila kichupa kina nguvu yake. Hakikisha tu kwamba lebo inaeleza wazi kuwa mafuta hayo ni ya chakula, maana yale yanayouzwa kwa ajili ya kujipaka au kufukiza chumba hayana nafasi jikoni.

Soma pia ni mnanaa gani. Pepaminti na spiaminti ni ndugu, lakini hazifanyi kazi moja. Katika mafuta ya pepaminti, sehemu kubwa, mara nyingi kati ya theluthi moja na nusu, ni mentoli, na mentoli ndiyo inayoleta ule ubaridi. Spiaminti ina mentoli kidogo sana. Ladha yake inatokana zaidi na kavoni, ambayo ni tamu na laini, yenye harufu ya majani mabichi. Kichupa kilichoandikwa pepaminti kwa kawaida kina mmea huo peke yake, ilhali kile kilichoandikwa mnanaa bila maelezo zaidi mara nyingi ni mchanganyiko wa zote mbili. Kwa brauni nachagua pepaminti bila kusita. Uchungu wa kakao unahitaji kitu chenye ncha, na utamu wa kavoni ukikutana na chokoleti nyeusi unaacha ladha ya majani ambayo mimi binafsi siipendi.

Ubaridi huo si ladha kwa maana ya kawaida, na kulielewa hilo kunasaidia kupima. Mdomoni mna neva zenye kipokezi kinachohisi baridi, kiitwacho TRPM8, na mentoli hukiamsha kipokezi hicho hata pale ambapo hakuna kilichopoa. David Julius na Ardem Patapoutian, waliopewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021 kwa utafiti wao kuhusu vipokezi vya joto na mguso, waliitumia mentoli, kila mmoja kwa upande wake, kukitambua kipokezi hicho. Kwa mwokaji, maana yake ni mbili. Kwanza, baridi halisi na mentoli husaidiana, hivyo brauni iliyotoka kwenye friji hutoa ubaridi mkali mdomoni kuliko ile iliyokaa mezani, ingawa harufu yake huwa imefifia. Pili, mentoli ikizidi, ubaridi hugeuka kuwa mwasho na uchungu, na uchungu huo ukiungana na ule wa kakao mlaji hawezi tena kuvitenganisha.

Sasa vipimo. Nachukulia trei ya mraba ya sentimita 20, yenye rojo la takriban gramu 115 za siagi, gramu 170 za chokoleti nyeusi, gramu 200 za sukari, mayai mawili makubwa na gramu 80 za unga. Rojo hilo nalipa nusu kijiko cha chai cha arki ya pepaminti, yaani mililita mbili na nusu, pamoja na nusu kijiko cha vanila na chumvi kidogo. Vanila naiweka kwa sababu inaziba pengo kati ya kakao na mentoli. Bila hiyo, ladha hizo mbili hukaa mbalimbali. Ikiwa brauni itakuwa na tabaka la aisingi, lenye gramu 60 za siagi na gramu 200 za sukari laini, basi tabaka hilo linapata robo kijiko cha chai cha arki, na rojo nalipunguzia hadi robo kijiko vilevile. Chokoleti ya maziwa inahitaji pungufu ya hapo, kwa kuwa haina uchungu wa kutosha wa kuushindania mnanaa.

Mwenye kutumia mafuta asiyapime moja kwa moja. Tone moja ni dogo kiasi kwamba mkono ukitetemeka yanadondoka mawili, na hapo umeshaongeza maradufu. Yapunguze kwanza: mililita moja ya mafuta ya pepaminti katika mililita tisa za mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, yatikise ndani ya kichupa kisafi chenye kifuniko cha kubana, kisha bandika lebo. Kijiko kimoja cha chai cha mchanganyiko huo kina nusu mililita tu ya mafuta halisi, na hicho ndicho ninachoanzia kwa trei niliyoitaja ikiwa haina aisingi. Ikiwa nayo, nusu kijiko kwenye rojo na nusu kijiko kwenye aisingi. Mafuta yasiyopunguzwa yasiguse macho, na yawekwe mbali kabisa na watoto wadogo.

Ukibadilisha trei, hesabu eneo lake badala ya kuikadiria kwa macho. Trei ya mraba ya sentimita 23 inaonekana kama jirani wa ile ya 20, lakini eneo lake ni sentimita za mraba 529 dhidi ya 400, yaani karibu theluthi moja zaidi. Rojo likiongezwa kwa kiwango hicho ili kina kibaki vilevile, mnanaa nao unaongezwa kwa kiwango hicho hicho. Nimewasikia wengine wakishauri kwamba mnanaa usirudufishwe rojo linaporudufishwa. Sioni sababu ya hilo, kwa sababu kinachohisiwa mdomoni ni uwiano wa mnanaa na kipande, na kipande hakijui trei ilikuwa kubwa kiasi gani.

Wengi hudhani joto la oveni huuteketeza mnanaa, na kwa hofu hiyo hutia zaidi. Katika oveni ya nyuzi 175, katikati ya brauni hapafiki nyuzi 100, kwa kuwa bado pana maji, nayo mentoli huchemka kwenye nyuzi 212 hivi. Kiasi fulani hupotea pamoja na mvuke, hasa kwenye uso wa juu, na ndicho kinachonukia jikoni wakati wa kuoka; kilichobaki kimeshikwa na mafuta ya siagi na ya kakao. Hapo ndipo penye ugumu. Mentoli huyeyuka vizuri katika mafuta na kwa shida sana katika maji, hivyo ndani ya brauni nzito hutoka polepole kadiri mafuta yanavyolainika mdomoni, ilhali aisingi laini ya juu huifikisha kwenye ulimi mara moja. Ndiyo maana robo kijiko kwenye aisingi husikika kuliko robo kijiko ndani ya rojo, na ndiyo maana napenda kuugawa mnanaa sehemu mbili kuliko kuulundika mahali pamoja.

Arki itiwe baada ya siagi na chokoleti kuyeyuka, kuondolewa motoni na kupoa hadi kuwa vuguvugu, kisha ikorogwe kabla ya mayai. Angalizo kwa wanaomimina chokoleti tupu iliyoyeyushwa juu ya brauni: arki ina maji na alkoholi, na matone machache yanatosha kuifanya chokoleti hiyo ikaze na kuwa na mabonge. Hapo tumia mafuta, au weka arki katika krimu ya moto kwanza, kisha mimina krimu hiyo juu ya chokoleti.

Kuonja kuna utaratibu wake, na nadhani ndiko kunakowaponza wengi zaidi ya vijiko. Rojo lenye mayai mabichi na unga mbichi halionjwi. Onja mchanganyiko wa chokoleti na siagi kabla ya mayai, ukijua kwamba bila sukari yote na unga utasikika mkali kuliko brauni itakavyokuwa. Aisingi ndiyo inayoonjwa kwa uhakika, kwa sababu italiwa jinsi ilivyo. Ila ulimi huzoea mentoli haraka. Ukionja, ukaongeza tone, ukaonja tena papo hapo, utaona hakuna kilichobadilika, na utaendelea kuongeza mpaka mtu anayeingia jikoni wakati huo aonje na kukunja uso. Kwa hiyo onja kiasi cha ncha ya kijiko, kula kipande cha mkate usio na kitu, kunywa maji ya uvuguvugu, kisha subiri dakika kumi au kumi na tano kabla ya kurudi. Kama kuna mtu mwingine nyumbani ambaye hajakaa ndani ya harufu hiyo, ulimi wake ni wa kuaminika kuliko wako.

Hukumu ya mwisho naitoa kesho yake. Brauni ya moto ina mvuke mwingi wa mnanaa unaopanda puani, hivyo hudanganya. Baada ya usiku mmoja ikiwa imefunikwa, mnanaa wa aisingi unakuwa umeshuka kidogo kwenye tabaka la chini, na ladha imetulia. Ionje katika hali utakayoiandalia, ya baridi au ya kawaida. Ninaandika katika daftari aina ya kichupa, kipimo na neno moja tu: pungufu, sawa au zaidi.

Majani mabichi yana uzuri wake, lakini si njia ya kupata kipimo cha kutegemewa, kwa kuwa nguvu ya jani hubadilika kulingana na umri wake na jua lililolipata. Zaidi ya hayo, yale yanayouzwa kwa ajili ya chai mara nyingi ni spiaminti. Ukiyataka, yaponde kidogo, yaloweke katika siagi iliyoyeyuka na ya joto kwa nusu saa, kisha chuja. Yakikaa muda mrefu huleta ladha ya nyasi.

Ikiwa mnanaa umezidi kwenye aisingi, tengeneza nyingine isiyo na mnanaa na uzichanganye. Ukizidi kwenye brauni iliyokwishaokwa, ifunike kwa tabaka la chokoleti na krimu lisilo na tone la mnanaa, na uikate vipande vidogo. Na vyovyote itakavyokuwa, usiihifadhi kwenye kopo moja na keki nyingine, wala usikorogee keki ya vanila kwa mwiko uleule wa silikoni: harufu ya mnanaa huganda kwenye silikoni na kwenye vifuniko vya plastiki hata baada ya kuoshwa kwa sabuni.