Ruti ndani ya kivinjari: yanayosemwa na yaliyo kweli

Chukua duka la mtandaoni la Kigoma linalouza dagaa wa Kibirizi na mawese ya dumu la lita 20. Ni programu ya ukurasa mmoja: index.html ni moja tu, JavaScript ndiyo inayobadilisha kinachoonekana. Sasa mwenye duka anataka kila bidhaa iwe na anwani yake, ili mteja wa Tabora atumiwe /mawese/dumu-20 kwa WhatsApp. Anwani ya namna hiyo, inayoamua kipi kionekane, ndiyo ruti. Hapo ndipo dhana zinapoanza.

"Nikibofya inafunguka, basi kazi imekwisha."

Bado. Ukibofya ukiwa ndani ya duka, anwani hubadilishwa na history.pushState, amri ya JavaScript iliyomo kwenye kivinjari, na seva haina habari. Mteja wa Tabora ndiyo kwanza anabisha hodi: kivinjari chake kinaiomba seva /mawese/dumu-20, seva inatafuta faili la jina hilo, haina, inajibu 404, yaani haikupatikana. Ni vilevile ukipakia ukurasa upya. Dawa iko kwenye seva, si kwenye JavaScript. Kwa nginx, mojawapo ya programu za seva, fungua faili la mipangilio na ndani ya location / andika:

try_files $uri /index.html;

Yaani faili likikosekana, rudisha index.html. Wengi hawalioni kosa la 404 mapema kwa sababu seva ya majaribio ya Vite, zana ya kutengenezea programu za namna hii, hufanya hivyo yenyewe. Linaibuka siku ya kupandisha kazi hewani, mbele ya mteja.

Ukishaweka mstari huo, huenda likaja kosa la pili, gumu zaidi kulisoma: skrini nyeupe, na kwenye konsoli (sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa) Unexpected token '<'. Tazama index.html; pengine imeandikwa src="app.js" bila mkwaju (/) mwanzoni. Aliyeingilia /mawese/dumu-20 atatafutiwa /mawese/app.js. Haipo, seva kwa utii wake inarudisha index.html, na kivinjari kinasoma HTML kikidhani ni JavaScript. (Kama faili limeitwa kwa type="module", lalamiko litahusu aina ya MIME, yaani lebo ya seva inayosema faili ni la aina gani; chanzo ni kilekile.) Andika src="/app.js".

Huna ruhusa ya kugusa mipangilio ya seva? Tumia /#/mawese/dumu-20. Kinachofuata alama ya # hakipelekwi kwa seva kabisa. Haipendezi sana, lakini inafanya kazi.

"pushState inafungua ukurasa mpya."

Inabadilisha anwani na kuongeza hatua kwenye historia, basi. Kuchora ni juu yako. Tena haiamshi popstate, tukio ambalo kivinjari huitaarifu programu kwalo kwamba historia imesogea. Hilo huja mtu akibonyeza kitufe cha kurudi au cha kwenda mbele. Kwa hiyo funksheni ya kuchora iite mara tatu: programu inapoanza, baada ya pushState, na kwenye popstate. Ukisahau ya mwisho, mteja akirudi nyuma anwani itasema /dagaa huku skrini imeganda kwenye mawese.

"Badala ya kiungo, div (kisanduku cha kawaida cha HTML) yenye onclick inatosha."

Inamnyima mteja kufungua kichupo kipya, kunakili kiungo kwa kukikandamiza, na kufika kwa kibodi. Weka <a href> halisi, kisha zuia mbofyo kwa preventDefault, isipokuwa Ctrl, Cmd au Shift imeshikiliwa, au kiungo kinaelekea tovuti nyingine. Baada ya kuchora badilisha document.title, jina linaloonekana kwenye kichupo; kivinjari hakitakufanyia.

"Ruti ya /admin, ya msimamizi, nimeifunga kwa JavaScript."

Umeshusha pazia, si kufunga mlango. Msimbo wote uko kwenye simu ya mteja. Ruhusa ikaguliwe na seva, kwa kila ombi la data.

"Ukurasa mmoja unaokoa bando."

Baada ya kufunguka, ndiyo. Mara ya kwanza mteja hubeba JavaScript yote, pamoja na ya kurasa za msimamizi asizozihitaji. Gawanya kwa import() ili kila ruti ilete faili lake inapohitajika. Ila mtandao ukikatika katikati, import hiyo inashindwa kimyakimya machoni pa mteja: anabofya, hakuna kinachotokea. Lidake kosa kwa catch na umwonyeshe kitufe cha Jaribu tena.