Presha inayopimwa ndani ya mshipa, na mawimbi ya vena

Kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi kuna skrini yenye mstari unaopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Hiyo ni presha inayopimwa ndani ya ateri yenyewe, yaani mshipa unaotoa damu moyoni: katheta, yaani kijirija chembamba, imeingizwa, mara nyingi kwenye kifundo cha mkono, pale tunapopapasa mapigo. Mrija uliojaa maji ya chumvi hupeleka msukumo wa damu hadi kwenye kihisi, kifaa kinachoupima. Mwaka 1733 Stephen Hales wa Uingereza alieleza alivyochomeka bomba la kioo kwenye ateri ya farasi, damu ikapanda zaidi ya futi 8. Kazi ni ile ile.

Wimbi la ateri hupanda kwa kasi, na kilele chake ndiyo presha ya juu. Likiteremka huweka kijikunjo: vali (mlango wa damu) ya aota, ateri kuu itokayo moyoni, imefungwa. Kijikunjo kikipotea na kilele kikawa butu, usikimbilie dawa. Kagua mrija kwanza. Kiputo cha hewa au damu iliyoganda hushusha presha ya juu na kupandisha ya chini, ingawa wastani haubadiliki sana.

Wimbi la vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, linalopimwa karibu na chumba cha juu cha moyo upande wa kulia, ni la upole lakini lina mengi. Kilima *a* ni chumba hicho kikijikaza. *C*, vali ya trikuspidi, iliyo kati ya chumba hicho na cha chini yake, ikibinuliwa. *V*, chumba kikijaa huku vali imefungwa. Chumba kikitetemeka badala ya kujikaza, *a* hutoweka. Vali hiyo ikivuja, *v* huwa refu na kumeza bonde lililotangulia. Vyumba vya juu na vya chini vikipiga kila kimoja kwa wakati wake, damu hugonga vali iliyofungwa na *a* huruka juu ghafla.

Ila yote haya yanategemea kihisi kuwa usawa wa moyo: nafasi ya 4 kati ya mbavu, katikati ya ubavu. Muuguzi akiinua kitanda sentimita 10 ili atandike shuka, kihisi kikabaki chini kwenye nguzo yake, kila kipimo huongezeka kama milimita 7 za zebaki. Ateri ya 120 itasoma 127, si neno. Vena ya 3 itasoma 10, na mgonjwa anayehitaji maji ataonekana amejaa maji.