Kuchochea ubongo baada ya kiharusi: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Siku hizi kuna kuchochea ubongo kwa sumaku au umeme mdogo ili kumsaidia aliyepata kiharusi arudishe balansi, na mtu akisikia hivyo anawaza kupasuliwa kichwa au kupigwa shoti mpaka azimie. Hapana jamani. Kwenye njia ya sumaku wanakuwekea koili (waya uliozungushwa) juu ya kichwa, uko macho kabisa, unasikia tik tik tik na kitu kama kinakugongagonga kwenye ngozi basi. Nyingine ni sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi zinapitisha umeme mdogo sana, kawaida miliampia 1 hadi 2 kwa dakika 20 hivi, unawashwa kidogo.

Halafu kuna hii, eti mtu anayumba sababu ya mguu, sasa kichwani wanatafuta nini? Mguu unaweza kuwa umerudisha nguvu na mtu bado akigeuka anadondoka, kwasababu balansi inaratibiwa na ubongo, hasa serebelamu, ile sehemu ya chini huku kisogoni. Ndo maana watafiti kina Giacomo Koch kule Roma, utafiti wao ulitoka 2019, sumaku waliielekeza hapo hapo, kila kipindi kikiisha mgonjwa anaingia moja kwa moja kwenye mazoezi, wiki 3. Waliopata sumaku ya kweli walipanda zaidi kwenye kipimo cha balansi kinachoitwa Berg (vitendo 14, alama 56, kuna mpaka kusimama mguu mmoja) kuliko waliowekewa ya kuigiza. Ila wagonjwa walikuwa 36 tu, kwahiyo anayekuahidi kupona muulize vizuri.

Inayoniuma zaidi ni ya "nikishafanyiwa hiyo mazoezi ya nini tena". Kwenye utafiti huo makundi yote mawili yalifanya mazoezi! Sumaku inauandaa ubongo ujifunze, lakini cha kujifunza kinatoka kwenye kuinuka kwenye kiti bila kushika, kuhamishia uzito upande uliolegea, kugeuka, tena na tena na mtu wa fiziotherapia yuko pembeni asije akaanguka.

Na sio ya kila mtu. Mwenye klipu ya chuma kwenye mshipa wa ubongo, aliyepandikizwa kifaa cha kusikia au aliyewahi kupata kifafa lazima aseme kabla, maana sumaku inaweza kuamsha degedege, ni nadra lakini ipo. Wale wanaojiungia betri na waya nyumbani waache kabisa, sponji ikikauka tu inaunguza ngozi, na kwa mtu ambaye kiharusi kimempunguzia hisia anaweza asijue kama anaungua.