Zaidi ya nusu ya siku

Ukimsalimia mtu wa Newala asubuhi, "Habari za nyumbani?", atakujibu "Nzuri." Subiri, usiondoke. Baada ya "nzuri" ndipo zinakuja habari zenyewe: "Nzuri tu, ila mtoto hakulala, homa usiku kucha. Na mzee tumemzika juzi." Hapo hakuna aliyedanganya. Ile "nzuri" ni kama karibu ya mlangoni. Yaliyomo ndani utayasikia ukionekana una nafasi ya kukaa.

Mimi nafundisha saikolojia chuo kikuu hapa Mtwara, na utafiti wangu unahusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, vijijini. Kwa hiyo nusu ya kazi yangu ni kuivuka ile "nzuri" bila kumkosea mtu adabu.

Watu wengi wakisikia saikolojia wanadhani nasoma mawazo. Dereva wa bajaji aliwahi kunigeukia katikati ya barabara: "Haya mwalimu, nafikiria nini sasa hivi?" Nikamwambia afikirie lori lililokuwa mbele yetu. Vijijini kuna mkanganyiko mwingine. Mwenyekiti akinitambulisha kuwa ni "Dokta", naletewa presha, magoti na watoto wenye vikohozi. Naeleza kwamba udokta wangu ni wa kusoma, hauna sindano. Bibi mmoja akaniuliza, sasa wewe unatibu nini? Nikasema, bibi, mimi nauliza maswali. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Ya darasani nitayapitia haraka. Wanafunzi wangu wengi wanasomea ualimu, darasa limejaa, na njia ninayoipenda ya kuwaamsha saa nane mchana ni kuandika neno "nyekundu" kwa chaki ya kijani kisha kuwataka wataje rangi ya chaki, wasisome neno. Ulimi unagoma. John Ridley Stroop alichapisha jambo hilo mwaka 1935, na hadi leo darasa zima linacheka likijikuta limenaswa. Kisha kuna kusahihisha, ambako sina la kusema, na msimu wa kuwakagua wanafunzi kwenye mazoezi ya kufundisha, unaonipeleka Masasi, Nanyumbu na Tandahimba nikiwa na begi la fomu na vumbi la kutosha.

Turudi kwenye maswali. Dodoso linalotumika sana duniani kuchunguza dalili za sonona linaitwa PHQ-9. Lilichapishwa mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams wa Marekani. Lina maswali tisa, yote yanahusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, huzuni, kujiona hufai na kadhalika. Kila swali lina majibu manne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Unapata 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Ni kifaa kizuri, kifupi, na hakiuzwi. Yapo matoleo ya Kiswahili yaliyokwisha kupimwa Kenya na Tanzania, na wenzangu waliofanya kazi hiyo nawaheshimu. Ila karatasi iliyopimwa mjini nayo hupanda gari, na ikifika juu kwenye uwanda wa Makonde inakutana na watu ambao haikuwauliza mwanzo.

Tazama jibu la tatu: zaidi ya nusu ya siku. Kiswahili hakina "siku" ya moja na "siku" ya nyingi. Neno ni lile lile. Mama mmoja alipoulizwa kama amekuwa akijisikia hana raha zaidi ya nusu ya siku, alifikiri, kisha akasema, "Hapana mwalimu, haifiki nusu. Naamka nayo, mpaka adhuhuri imeshaondoka." Msaidizi wangu akataka kuandika "siku kadhaa" tuendelee. Nikamuuliza mama, je, jana? Hivyo hivyo. Juzi? Hivyo hivyo. Kila siku, tangu afiwe. Yaani mtu wa alama 3 alikuwa anaandikiwa 1 kwa sababu ya ngeli ya nomino! Ukiongeza "hizo", ukasema "nusu ya siku hizo", kwenye karatasi inasaidia. Ikisemwa kwa haraka mdomoni, inapotea.

Tangu hapo tunakwenda na korosho. Tunazipanga 14 juu ya mkeka, kila moja ni siku, na mhojiwa anazisogeza zile siku ambazo hali hiyo ilimjia. Hakuna nusu wala robo ya kubishania. Siku ya kwanza nilifanya kosa la kubeba korosho za kukaanga. Mama akiwa bado anawaza, mwanawe alikuwa ameshakula siku tatu. Sasa tunabeba ghafi, zenye maganda yake, na mafuta ya ganda lile yanachoma, kila mtoto wa huku anayajua.

Swali la saba nalo linauliza kama unashindwa kutuliza akili, kwa mfano unaposoma gazeti au kutazama televisheni. Magazeti hayafiki katika vitongoji vingi ninavyokwenda, na anayejibu "hapana" huenda anasema tu kwamba hasomi. Tukaongeza mfano wa kubangua korosho. Anayebangua kwa mkono hawezi kuruhusu akili ihame: anagonga kidole, au anavunja punje na bei inaanguka. Ulizia hilo uone watu wanavyoanza kusimulia.

Hamu ya kula ina mitego yake. Ukiuliza wakati wa Ramadhani utapata majibu ya Ramadhani. Ukiuliza Februari, akiba ya chakula ikiwa imepungua, unakuwa umeuliza habari za ghala. Na kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikianza, hali ya moyo inafuata chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima: mzigo umepelekwa, stakabadhi ipo mkononi, hela bado haijaingia benki. Je, anayekosa usingizi wiki hizo mbili ana sonona au anasubiri malipo? Mimi sioni kwamba moja linafuta lingine. Naandika tarehe ya usaili, na pembeni naandika kama mtu ameshalipwa. Mhakiki mmoja wa jarida la nje aliniuliza safu hiyo ni ya nini. Nilimjibu kwa kurasa mbili, na labda zilikuwa na ukali kidogo.

Ukali huo una historia. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipitia majarida makubwa ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Kwa hesabu iliyotokana na kazi hiyo, asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina kama asilimia 12 ya watu wote duniani. Nawapa wanafunzi takwimu hiyo wiki ya kwanza, kabla hawajajifunza nadharia hata moja.

Lenyewe neno "sonona" linajulikana hospitalini na redioni. Barazani watu husema "ana mawazo", au "anawaza sana." Zimbabwe nao wana neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alipoanzisha mpango wa Benchi la Urafiki kule Harare mwaka 2006, akiwafundisha akina bibi kuwasikiliza watu kwenye mabenchi, walianzia kwenye neno hilo. Nami naanzia kwenye mawazo. Ukianza na jina la ugonjwa, mtu anasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, na ukishataja Mirembe mazungumzo yamekwisha.

Swali la tisa linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Wasaidizi wapya huliogopa, wakidhani litampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti hazionyeshi hivyo. Mara nyingi mtu hushusha pumzi kwa kupata wa kumwambia. Ugumu wa kwetu uko kwingine: Kanuni ya Adhabu inataja kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na watu wanalijua hilo. Wanajibu "hapana" kabla hujamaliza sentensi. Kwa hiyo swali hili tunaliuliza mbali na majirani, karatasi haina jina, na nimeshaeleza mwanzoni kwamba sikutumwa na serikali. Kueleza huko si kazi nyepesi, maana nimefika kijijini na barua iliyopita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji, yote mihuri mitupu. Akijibu ndiyo, kalamu inawekwa chini. Tunaongea, simwachi peke yake, na tunakwenda pamoja kwa mhudumu wa afya ambaye tulikubaliana naye kabla sijauliza swali la kwanza kijijini hapo. Utafiti utasubiri.

Lililotushinda ni swali la nane. Linauliza kama umekuwa ukitembea au kuongea polepole mpaka watu wakatambua, au kinyume chake, hutulii, unahangaika huku na huku. Ni maswali mawili kwenye gunia moja. Mzee mmoja wa Tandahimba alilisikiliza lote, akaniambia, "Mwanangu, chagua moja nikujibu." Tukiyatenganisha yanakuwa maswali kumi, jumla haiwi tena 27, na matokeo yetu hayalinganishiki na ya wengine. Tukiyaacha pamoja, mzee yuko sahihi. Kwa sasa tunauliza mara mbili, na korosho zinapangwa upya mara mbili, kisha tunaandika alama iliyo kubwa. Msaidizi wangu mmoja anasema huo ni udanganyifu wa kistaarabu. Tunabishana naye kila tukishuka Newala kurudi mjini, na hatujaelewana.