Je, Wajua Kwa Nini Nairobi Haina Kalenda Moja ya Matamasha?

Kila Januari, sherehe za mwaka mpya zikiwa hazijasahaulika, shangazi yangu wa Machakos hunipigia simu kuniuliza swali lile lile: mwaka huu matamasha ya Nairobi yatakuwa lini? Haulizi kwa udadisi tu. Yeye husuka vyondo vya katani, na kiondo kimoja kizuri, tangu kusokota uzi juu ya paja, kuutia rangi, kuuanika na hatimaye kuusuka duara kwa duara hadi ukingoni, humchukua takribani wiki tatu akichanganya na kazi za shamba. Mtu anayetaka kufika mjini na vyondo vinane hawezi kungoja bango linalobandikwa barabarani siku chache kabla ya sherehe.

Kwa muda mrefu nilimjibu kwa kukisia, nikidhani kwamba kuna ofisi mahali fulani yenye orodha kamili ya mwaka, na kwamba uvivu wangu ndio uliokuwa ukinizuia kuipata. Nilipoanza kufuatilia jambo hili kwa makini nilitambua kwamba sherehe za jiji hili hazifuati kalenda moja. Nyingine hufuata mvua, nyingine mwezi wa angani, nyingine mihula ya shule, na nyingine Katiba na Gazeti Rasmi la Serikali. Anayejua tamasha fulani linafuata kalenda ipi anaweza kukadiria tarehe yake miezi mingi kabla haijatangazwa, na anajua pia ni kwa kiasi gani aiamini tarehe hiyo.

Tuanze na mvua, kwa kuwa ndiyo yenye amri kubwa zaidi. Nairobi imekaa kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hupata misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Sherehe nyingi kubwa hufanyika uwanjani, chini ya mahema au bila mahema kabisa, katika maeneo kama uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, Uhuru Gardens kwenye Barabara ya Lang'ata, na Bustani ya Uhuru katikati ya mji. Ndiyo maana Maonyesho ya Kimataifa ya Biashara ya Nairobi, ambayo wengi wetu bado tunayaita shoo, kwa kawaida huangukia mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba: baridi ya Julai imekwisha, ardhi imekauka, na vuli bado haijashika kasi. Chama kinachoyaandaa, Chama cha Kilimo cha Kenya (ASK), kiliasisiwa mwaka 1901, na huandaa maonyesho katika miji mbalimbali nchini, ambapo Nakuru hutangulia katikati ya mwaka na Mombasa hufuata kabla ya zamu ya Nairobi. Wafugaji na wafanyabiashara wa vibanda husafiri kutoka onyesho moja hadi jingine, kwa hiyo wiki ya Nairobi haiwezi kuhamishwa kirahisi bila kuvuruga msafara mzima.

Mvua inapokiuka mipaka yake, hata mambo yasiyohusiana na viwanja vya wazi hutikisika. Mwaka 2024 masika yalileta mafuriko yaliyowahamisha watu wengi katika mitaa kama Mathare, na shule zilizotarajiwa kufunguliwa tarehe 29 Aprili zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Wiki mbili zilipotea katika muhula ambao ndani yake kwaya na vikundi vya ngoma hujiandaa kwa mashindano ya mwaka.

Msomaji makini atauliza: ikiwa ukavu ndio unaotafutwa, mbona Januari na Februari, miezi yenye jua zuri kabisa, haijai matamasha? Jibu liko mifukoni. Januari, ambayo Wakenya wameipa jina la Njaanuari, ni mwezi wa karo, sare za shule, vitabu na madeni ya Krismasi, na mwandalizi anayeuza tikiti wakati huo anauzia watu wanaohesabu nauli. Nguvu hii ya mfuko huonekana hata ndani ya mwezi mmoja, kwani tamasha la kulipiwa mara nyingi hupangwa wikendi iliyo karibu na siku ya mishahara. Desemba nayo ina kikomo chake. Inapokaribia tarehe 20, familia nyingi hufungasha kwenda kwao mashambani, nauli za mabasi hupanda, na jiji hupumua kwa namna ambayo mkazi wa Nairobi huitambua akiamka tu asubuhi na kusikia barabara ilivyo kimya. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipoanzisha Nairobi Festival mwaka 2022 katika Bustani ya Uhuru, iliiweka ndani ya Desemba, wakati jiji lingali na watu wake. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa chaguo la busara, ingawa mvua za vuli huwa hazijaaga.

Kalenda ya shule inastahili heshima kuliko inavyopewa, kwa kuwa ndiyo inayoendesha tamasha la kitamaduni lenye washiriki wengi katika nchi hii. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na hadi leo hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka shuleni hadi kaunti ndogo, kaunti, eneo, na mwisho taifa, kwa kawaida mnamo Agosti muhula wa pili unapomalizika. Tamasha la drama na filamu hutangulia, likifikia kilele mnamo Aprili. Muhula wa tatu huachiwa mitihani ya kitaifa, kwa hiyo mwalimu wa kwaya anajua kwamba asipomaliza kazi yake kufikia Agosti, hana mlango mwingine. Fainali za kitaifa huzunguka katika miji mbalimbali, na Nairobi haipati zamu kila mwaka, lakini mashindano ya ngazi za chini hufanyika jijini kila mwaka na mara nyingi yeyote anaweza kuhudhuria. Nawasihi wanaokuja Nairobi kutafuta utamaduni waulizie mashindano hayo kabla ya kununua tikiti ghali kwingineko. Katika ukumbi wa shule, asubuhi moja, utasikia mwanzele wa Wamijikenda, isukuti ya Waluhya na kilumi ya Wakamba, huku waamuzi wakiandika kwa kalamu na watoto waliopakwa chokaa usoni wakingoja nje ya mlango, wakirudia mwondoko wa mwisho kwa kunong'ona hesabu.

Vitabu pia vina msimu unaoitegemea shule. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1998, kwa kawaida hufanyika Septemba huko Sarit Centre, Westlands, wakati ambapo walimu na wachapishaji wana nafasi ya kukutana kabla ya maagizo ya mwaka wa shule unaofuata.

Sasa tuingie kwenye mwezi, ambapo mipango huhitaji subira ya aina nyingine. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja hivi kila mwaka katika kalenda ya kawaida. Mwaka 2022 Idi ya kufungua Ramadhani ilikuwa mapema Mei. Mwaka 2024 ikawa tarehe 10 Aprili. Na ukiendelea kuhesabu utaona kwamba mwaka 2030 itaangukia mapema Februari, kisha Ramadhani nyingine ianze kabla mwaka huo haujaisha. Mtu anaweza, basi, kujua wiki ya Idi miaka mingi kabla, lakini siku yenyewe hubaki kitendawili hadi mwezi uandame.

Nimewahi kuwa Eastleigh usiku wa kumi la mwisho, siku ya ishirini na tisa ya mfungo, na sijui usiku mwingine wa Nairobi unaofanana na huo. Fundi wa cherehani alikuwa na kanzu sita zilizotundikwa bila vifungo, kwa sababu hakujua kama wenyewe wangezihitaji asubuhi au kesho kutwa. Wanawake waliokuwa wamepakwa hina walishika simu kwa ncha za vidole, wakingoja tangazo la Kadhi Mkuu. Muuza tende alikuwa amejaza meza lakini hakuwa amepunguza bei. Kisha neno likaenea kwamba mwezi umeandama, na katika dakika chache mtaa mzima ukabadilika mwendo: vifungo vikaanza kushonwa, tende zikashuka bei, na waliotaka kuswali kwenye uwanja wa Sir Ali Muslim Club wakaanza kupangana nani atabebana na nani. Kila mmoja pale alikuwa tayari kwa siku yoyote kati ya mbili.

Diwali nayo hufuata mwezi, lakini haisafiri mwaka mzima kama Idi, kwa sababu kalenda ya Kihindu huongeza mwezi wa ziada takribani kila baada ya miaka mitatu ili irudi sambamba na jua. Kwa hiyo huyumba kati ya Oktoba na Novemba tu. Mwaka 2023 ilikuwa tarehe 12 Novemba, na mwaka 2025 ikaangukia tarehe 20 Oktoba, siku ile ile ya Mashujaa, hata fataki za Parklands zikawa zinaisherehekea nchi pamoja na taa. Pasaka ina kanuni yake: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi, kwa hiyo haitangulii tarehe 22 Machi wala haipiti tarehe 25 Aprili.

Kalenda ya serikali ina sehemu mbili, moja ngumu kama jiwe na nyingine laini sana. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 9, inataja siku tatu za kitaifa: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Hizo hazihami, na sheria inasema kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili basi Jumatatu huwa mapumziko. Kinachohama ni mahali, kwa sababu sherehe kuu za Madaraka na Mashujaa siku hizi hupelekwa kaunti mbalimbali, na anayetaka gwaride ndani ya Nairobi ana uhakika zaidi na Jamhuri. Upande ule mwingine, Waziri wa Mambo ya Ndani anaweza kutangaza mapumziko kupitia Gazeti Rasmi kwa muda mfupi mno. Tarehe 10 Mei 2024 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko siku mbili tu kabla. Hata jina si la kutegemewa: tarehe 10 Oktoba, iliyokuwa Siku ya Moi, ikawa Siku ya Utamaduni, na tangu mwaka 2024 ni Siku ya Mazingira.

Michezo mikubwa huongeza mkanganyiko kwa kuchukua viwanja na barabara. Michuano ya soka ya Afrika ya CHAN, ambayo Kenya iliiandaa pamoja na Tanzania na Uganda, ilipangwa kuanza Februari 2025, kisha ikaahirishwa hadi Agosti zikiwa zimebaki wiki chache, na uwanja wa Kasarani ukawa hauguswi katika kipindi ambacho wengine walikuwa wameshakitolea macho. Safari Rally, mbio za magari ambazo mara nyingi zimeagwa kutoka Nairobi kuelekea Naivasha, iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 ilikuwa ikifanyika Juni, lakini mwaka 2024 ikahamia wikendi ya Pasaka. Mbio za marathon hukimbiwa Jumapili kwa kuwa barabara kuu hufungwa. Asiyejua hilo hukwama teksini huku akiwaona wakimbiaji wakimpita. Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika limepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania, na yeyote anayepanga tamasha la uwanjani mwaka huo afanye hesabu hiyo kwanza.

Nilipomweleza shangazi haya yote, alitafuta kalenda iliyotundikwa jikoni kwake, ile ya picha za mifugo, akaanza kuandika. Jamhuri aliiandika kwa wino. Shoo ya Septemba aliiandika kwa penseli, wiki nzima. Kwa Idi alichora mstari uliofunika siku mbili, akaniambia, "Hapa nitakuja na vidogo tu, vya kuwekea tende."

Kisha akahesabu kurudi nyuma kwa kidole. Vyondo vinane kwa wiki tatu kila kimoja ni wiki ishirini na nne, kwa hiyo ili avipeleke Jamhuri Park mwisho wa Septemba, cha kwanza kianze katikati ya Aprili. Lakini Aprili ni masika, na uzi uliotiwa rangi wakati wa masika haukauki. Huoza ukiwa bado kwenye kamba. Rangi yote, basi, itiwe Februari, jua likiwa kali, na katani inunuliwe Januari, mwezi ule ule ambao fedha hazipo. Nilielewa hapo kwa nini simu yake huja mapema hivyo. Mwaka huu nilimtumia pesa za katani kabla hajapiga, na nilipomtembelea mwezi uliofuata, ua wake ulikuwa umefunikwa na nyuzi za zambarau, kahawia na manjano tangu langoni hadi kwenye zizi.